Harusi ya uani Ujiji: vya kale, vya mtumba na vya kuazima

Binti ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Kijana ni fundi umeme, kwao Tabora. Kamati ilipokaa kikao cha kwanza, bajeti iliyoletwa ilikuwa ile ile ya siku zote: ukumbi, mpambaji, MC, mpiga picha, keki, magari, na chakula kimewekwa chini kabisa kana kwamba wageni wanakuja kuangalia mapazia. Kikao cha pili binti mwenyewe akaja na neno lake. Harusi ifanyike uani kwa babu yake, mwezi wa nane. Vyombo, taa, viti na nguo vitafutwe vya kale, vya kuazima au vya mtumba. Michango ya watu iende kwenye mchele, nyama na mafuta. Wageni wakadiriwe 150.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo na daftari liko kwangu, kwa hiyo ninayoandika hapa ni yaliyomo mule pamoja na maoni yangu. Harusi za namna hii husifiwa sana kwa picha. Picha haionyeshi nani alisugua sinia.

Kelele za mwanzo

Pingamizi halikutoka kwa wakwe, lilitoka nyumbani. Mama mkubwa wa binti alisimama akasema watu wa Ujiji watasema familia imeshindwa, na kwamba mwanawe haingii kwa mumewe na nguo ya mtu asiyejulikana. Mjomba mmoja mpenda siasa akamuunga mkono kwa njia yake: mitumba ni aibu ya nchi, na wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana tangu 2016 kuiondoa sokoni. Ni kweli walikubaliana. Ila Rwanda ndiyo iliyoshikilia msimamo, ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia unafuu wa kuuza nguo huko bila ushuru. Tanzania ililegeza kamba. Nilimtazama mjomba, koti alilovaa siku hiyo kola yake ilikuwa na lebo ya duka la Ujerumani, nikanyamaza.

Na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Kigoma mzima huvaa mtumba Jumatatu hadi Ijumaa na hakuna anayeona haya. Aibu huzaliwa siku ya shughuli tu. Aliyeimaliza ni bibi wa binti, ambaye hakuwa hata mjumbe wa kamati. Alimuuliza mama mkubwa kwa upole: gauni ulilovaa wewe lilizunguka nyumba ngapi kabla ya kukufikia, na baada yako likaenda kwa nani? Mama mkubwa aliolewa ile miaka ya uhaba baada ya vita vya Kagera, sabuni ya kufulia ikipangiwa foleni na kitambaa kikipatikana kwa kujuana. Gauni moja jeupe lilivaliwa na nusu ya mtaa. Kikao kikacheka, mama mkubwa naye akacheka, na tangu siku ile ndiye aliyekuwa msimamizi mkali kuliko wote.

Mali iliyo ndani ya masanduku

Tulidhani tutaanzia soko la Mwanga, Kigoma mjini. Tukajikuta tunaanzia kwa majirani.

Ujiji ilikuwa mji wa biashara kabla reli haijafika. Misafara ya kutoka pwani iliishia hapa ziwani, na reli ilipokamilika mwaka 1914 ikaishia Kigoma, kilomita chache kaskazini, biashara nayo ikahama pole pole. Kilichobaki Ujiji ni nyumba za watu wazima wasiotupa vitu. Chini ya vitanda kuna masanduku, na ndani ya masanduku kuna sinia za shaba, mabirika, mabuli ya kahawa, kanga za miaka, na waksi, vile vitenge vya nta, ambazo hazijawahi kuguswa na mkasi. Kila mwenye sinia alituambia sinia yake ilikuja na msafara. Hatukubishana, maana tumekwenda kuazima, hatukwenda kuandika historia.

Hesabu ya sinia ilikuwa hivi: watu watano kwa sinia moja, wageni 150, sinia 30. Za shaba zilipatikana 11. Zilizobaki tulichukua za aluminiamu kutoka kwa akina mama wa kikundi cha kuzikana, wale ambao kila mtaa unao na ambao vyombo vyao havikosekani. Binti alitaka zote ziwe za shaba. Aliambiwa zile 11 zikae kwa wazee na wakwe, mahali ambapo macho yatakwenda, na vijana watakula kwenye aluminiamu bila kujua wamepungukiwa nini.

Sinia ya shaba iliyolala miaka sandukuni huwa nyeusi yenye madoa ya kijani. Dawa yake haiko dukani: nusu ya ndimu, chumvi, na majivu laini yaliyochekechwa. Unasugua kwa kipande cha ndimu chenyewe, unaona wekundu unatoka, unasuuza haraka kwa sabuni na kukausha papo hapo kwa kitambaa. Ukiiacha na maji inarudi nyeusi kabla hujageuka. Wasichana waliosugua zile 11 walimaliza alasiri nzima, na mikono yao ilichunika kwa ndimu. Jambo la kuangalia ni kwamba uchachu ule ule unaosafisha shaba unaiingiza shaba hiyo kwenye chakula. Kwa hiyo pilau haikukaa juu ya shaba tupu. Tulitandika majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni ili yalainike, na achari na kachumbari vikakaa kwenye bakuli za kioo. Wageni walidhani majani yale ni mapambo.

Waksi zilitufundisha kitu kingine. Kigoma inapokea vitenge vya kila aina kutoka ng'ambo ya ziwa, na vingi siku hizi ni vya kuchapwa upande mmoja. Waksi ya kweli ina rangi sawa mbele na nyuma, na ukiitazama kwa karibu unaona mistari myembamba kama nyufa, mahali nta ilipopasuka rangi ikapenya. Za Vlisco, kampuni ya Helmond huko Uholanzi iliyoanza 1846, zina jina pembezoni kwenye ukingo wa kitambaa. Bibi mmoja alitoa mbili za aina hiyo, akaweka sharti moja: zisikatwe wala zisipigwe pini. Zilipambwa nyuma ya kiti cha maharusi kwa kuning'inizwa juu ya mti mrefu wa turubai, zimekunjwa tu juu yake. Hakuna mpambaji wa ukumbini ambaye angepata kile kitu, hata kwa hela.

Kanga ndizo zilizotaka kutuvunjia shughuli. Wazo lilikuwa zuri: badala ya vitambaa vya meza vya kukodi, kila meza itandikwe kanga ya zamani, nyingine za kiwanda cha Urafiki cha Ubungo cha enzi zake, pamba nzito iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi ya mtoto. Dada wa mapambo walizipanga kwa rangi. Nyekundu na nyeusi zikaenda meza ya mbele upande wa kulia, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mawifi kutoka Tabora. Kanga hupangwa kwa rangi na watu ambao hawajawahi kutumiwa ujumbe kwa kanga. Ile iliyotandikwa mbele ya wifi mkubwa ilisomeka HASIDI HANA SABABU, herufi kubwa, imeelekezwa kwake kabisa.

Bahati ni kwamba mama mkubwa alipita kukagua meza wageni wakiwa bado wako stesheni ya Kigoma wanashusha mizigo. Aliivuta ile kanga bila kusema neno, akaweka nyingine iliyosema MGENI NJOO MWENYEJI APONE, kisha akazunguka meza zote anasoma moja moja kama anasahihisha mitihani. Tatu zaidi zilitolewa. Mwenye kutaka kuiga hili aanze na maneno, rangi baadaye.

Taa za wavuvi

Uwani pale umeme upo, ila binti alitaka mwanga wa zamani. Chemli zilipatikana kirahisi, karibu kila nyumba ina moja yenye kioo kilichopasuka. Karabai, ile taa ya mafuta ya kupampu, ndiyo iliyotupeleka Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa hapa Kigoma.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika walivua kwa karabai kwa miaka mingi: mitumbwi inatoka jioni, taa zinawashwa, dagaa wanafuata mwanga. Usiku usio na mbalamwezi ziwa lilionekana kama mji. Sasa wengi wamehamia taa za betri na sola, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yakiwala faida, na karabai zimebaki mabandani zimefungwa kwenye magunia. Tulizipata kwa bei ya chuma chakavu. Mzee aliyetuuzia alitushangaa, akauliza kama kwetu umeme umekatwa.

Nyingi hazikuwaka. Pampu ilikuwa haisukumi, na mtu wa haraka angesema zimekufa. Fundi mmoja wa pale pale mwaloni alifungua pampu akatoa kile kipande cha ngozi kilicho ndani, kimekauka na kunyauka. Akakiloweka kwenye mafuta usiku kucha, akakitanua kwa kidole, akakirudisha. Ikasukuma. Kisha akazibua tundu la mafuta kwa sindano yake na kubadilisha kile kisoksi cheupe kinachowaka. Kazi hiyo kwa taa moja ilitugharimu zaidi ya taa yenyewe.

Hapa kijana, yule fundi umeme, aliweka mguu chini, na mimi nilikuwa upande wake. Karabai ni chombo chenye mgandamizo na mafuta, inawaka kwa joto kali, na turubai la harusi ni plastiki. Dada wa mapambo walitaka zining'inizwe chini ya turubai juu ya meza. Alikataa. Karabai nne zikawekwa kwenye nguzo za miti nje ya turubai, mbali na njia ya watoto, na kijana mmoja wa mwaloni akaajiriwa jioni nzima kuzipampu na kuzilinda. Ndani ya turubai zikatundikwa chemli zisizo na mafuta, kila moja ikitiwa balbu ndogo ya betri. Walionuna walinuna. Usiku ule upepo wa ziwani ulivuma kama kawaida ya Agosti, na aliyeona chemli zikiyumba juu ya vichwa vya watu alishukuru kwamba ndani mwake hamna moto.

Gauni

Magauni ya harusi hutokea kwenye belo za nguo za kike, moja moja, na muuzaji anayejua kazi yake haliweki juu ya rundo. Analificha kwa ajili ya wenye saluni, ambao watalinunua na kulikodisha miaka. Kwa hiyo mnunuzi wa kawaida anayezunguka Mwanga siku ya gulio hukuta yaliyochanika tu. Binti alifanya la maana: alimwambia mama mmoja wa mitumba anachotafuta, akaacha namba ya simu na kishika uchumba kidogo, akaendelea na kazi yake ya kufundisha. Simu ilikuja baadaye sana, wakati tumeshaanza kukata tamaa.

Gauni lilikuwa la mikono mirefu, kola ya juu, kitambaa kizito, vifungo vidogo mgongoni vilivyofunikwa. Muuzaji aliapa ni hariri. Fundi cherehani alichomoa uzi mmoja ndani ya pindo akauchoma kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, hariri hunuka kama nywele, na polista huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kikatoka kidonge. Bei ikashuka hapo hapo, na kwa kweli tulifurahi, maana polista inavumilia maji na hariri haivumilii.

Lilikuwa na mambo matatu. Kwapani palikuwa na umanjano, na dada mmoja alishakimbilia jiki. Akazuiwa: jiki kwenye kitambaa cha namna ile inaweza kuongeza umanjano na kuoza mishono. Liliwekwa kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga likakaa, likarudiwa, likaanikwa kivulini, na umanjano ukabaki kivuli tu ambacho mtandio ulikifunika. La pili, lilibana kifuani. Fundi aliangalia ndani ya mishono ya ubavuni na kukuta kitambaa cha akiba upana wa kidole kila upande. Hii ndiyo sababu ya kununua la zamani: mishono ya zamani iliacha akiba, ya siku hizi hukatwa mpaka ukingoni. Bado halikutosha, kwa hiyo mgongoni akatoa safu ya vifungo akatia matundu na kamba ya kufungia. La tatu lilikuwa urefu, nalo halina hadithi.

Nguo za ndani na soksi zilinunuliwa mpya dukani. TBS, shirika la viwango la Tanzania, imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na hata bila TBS, hapo mama mkubwa alikuwa sahihi tangu kikao cha pili.

Kwenye nikahi asubuhi hakuvaa gauni hilo. Alivaa moja ya zile waksi za bibi, imefungwa bila kukatwa, na mtandio mweupe. Kwa macho yangu hiyo ndiyo iliyokuwa nguo ya harusi, na lile gauni lilikuwa la picha.

Suti ya kijana ilichukua muda mfupi. Suti za mtumba za sufu ni bora kuliko nyingi mpya za bei ile, mradi ununue kwa bega. Kiuno, mikono na urefu wa suruali fundi atakurekebishia. Bega likipwaya, achana nalo. Na uinue koti juani uangalie matundu ya nondo kabla ya kutoa hela.

Makochi mawili ya maharusi yalitoka Tabora kwa treni pamoja na wakwe. Ni ya mninga, yenye mikono mipana, mto umekwisha lakini mbao haijatikisika. Shangazi wa kijana ndiye aliyeyatoa. Mito ikashonewa foronya mpya.

Hela zilikokwenda

Daftari linaonyesha jambo ambalo wanakamati wengi hawakulitegemea. Vitu tulivyonunua vilikuwa sehemu ndogo mno ya matumizi, na hata vingepatikana bure tusingeokoa cha maana. Kilichokula fedha ni chakula, kama ilivyokusudiwa, kisha mikono ya watu: fundi cherehani, fundi wa karabai, kijana wa kupampu, bajaji za kuzungusha vyombo kati ya Ujiji, Mwanga na Kibirizi. Na kulikuwa na kifungu ambacho hakikuwa kwenye bajeti kabisa. Chombo cha watu hakirudi kitupu. Kila sinia, kila birika, kila kanga iliyoazimwa ilirudi na kitu: sukari, mchele, kipande cha sabuni, kwa wazee doti ya kanga mpya. Ukijumlisha, kurudisha kuligharimu karibu sawa na kununua vyombo vya kawaida. Mhazini alilalamika. Mimi sikuona hasara, kwa sababu nyumba zile zilizotoa vyombo zilikuja zote na zilipika pamoja nasi usiku kucha, na mpishi wa kukodi hakuhitajika. Lakini anayesema harusi ya namna hii ni rahisi awe ameiweka hiyo kwenye hesabu.

Kuazima kulifanikiwa kwa sababu ya utaratibu mmoja wa kuchosha. Kila chombo kilipigwa picha kwa simu mbele ya mwenyewe, na kasoro zake zikaandikwa: hii ina bonde kushoto, hii mkono umelegea. Kisha kikafungwa uzi wa rangi ya nyumba yake. Palipotokea mzozo, ulitatuliwa kwa picha. Sinia moja ilirudi na bonde jipya na tukailipa. Nyingine ilibaki na sisi bila uzi, haimo kwenye picha yoyote, na mpaka leo nyumba mbili zinaidai. Iko kwa bibi, amesema wenyewe wakae wazungumze.

Vyombo vya udongo vya mtumba ndivyo vilivyokuwa hasara kamili. Sahani za maua, nzuri machoni, zilinunuliwa kwa haraka na nusu zilikuwa na nyufa zisizoonekana mpaka zilipotiwa chai ya moto. Zilizopona ziliwekewa visheti na halua tu, kwa kuwa rangi za vyombo vya zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vitu vichachu huyayeyusha.

Gauni limeuzwa kwa mwenye saluni kwa bei iliyozidi tuliyonunulia na kushonea. Karabai mbili zilirudi Kibirizi, mzee yule akazinunua tena kwa sababu sasa zinawaka. Mbili wanazo maharusi. Makochi hayajarudi Tabora na shangazi haulizi.

Juzi shemeji mmoja ameniomba daftari, naye anaoa huku huku Kigoma, mwezi wa kumi na mbili, uani. Nimempa orodha ya nyumba zenye sinia na namba ya fundi cherehani. Ila Agosti haina mvua na Desemba inanyesha kutwa, na turubai letu lilikuwa na matundu ambayo hakuna mtu aliyehitaji kuyajua. Nimemwambia atafute kwanza paa.